Muwasho usioisha, mabaka yasiyopona: kutofautisha tatizo la ngozi na dalili ya limfoma

Mdogo wangu alijikuna miezi saba. Alianza na miundi ya miguu, usiku tu, akishapanda kitandani. Tukabadilisha sabuni, tukabadilisha mafuta, tukafua mashuka kwa maji ya moto. Akameza dawa za minyoo. Akameza vidonge vya mzio vilivyomlaza fofofo, na akawa anajikuna hivyo hivyo usingizini. Kila aliyemwona aliangalia ngozi, akaona michubuko ya kucha, akaandika dawa ya ngozi. Kumbe ngozi ilikuwa inalia kwa niaba ya kifua: tezi zilizo nyuma ya mfupa wa kidari zilikuwa zimevimba, na ugonjwa wenyewe ni saratani iitwayo limfoma ya Hodgkin.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefika pale tulipokuwa sisi katika mwezi wa nne wa kujikuna, dawa tatu zimeshashindwa na hajui aulize nini tena. Niseme mapema ili usikose usingizi bure: watu wengi mno wanaowashwa au wenye mabaka hawana saratani yoyote. Wana ngozi kavu, upele, fangasi, ukurutu, au shida ya ini na figo. Wenye limfoma ni wachache. Ila hao wachache huchelewa kwa sababu ile ile kila mara: dawa ikishindwa wanapewa nyingine ya jamii hiyo hiyo, na hakuna anayehesabu ni ya ngapi. Dawa ya ngozi iliyotumika sawasawa, kwa muda wake, kisha ikashindwa, ni habari ya kumpelekea daktari kabla hujanunua nyingine. Hapa chini, kwa kila dalili, nimeweka cha kuangalia na cha kujaribu kwanza, na ikishindikana uelekee wapi.

Limfoma ni saratani ya limfositi, yaani seli nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi. Seli hizi hukaa kwenye tezi za shingo, makwapa, kinena, kifua na tumbo, kwenye bandama, na pia ndani ya ngozi. Ndiyo maana ugonjwa huu huifikia ngozi kwa njia mbili. Saratani inaweza kuwa ndani, mbali na ngozi, lakini kemikali zinazotolewa na seli zake na seli za kinga zinazoizunguka zikachokoza mishipa ya fahamu inayopeleka muwasho. Au saratani yenyewe inaanzia ndani ya ngozi. Ile ya kwanza mara nyingi huleta muwasho bila vipele. Ya pili huleta mabaka.

Dalili: mwili unawasha, vipele havionekani

Kwanza hakikisha kwamba kweli vipele havipo. Mtu aliyejikuna mwezi mzima lazima atakuwa na alama, na alama hizo humdanganya hata mtaalamu. Mwambie avue nguo ya juu, simama nyuma yake penye mwanga wa kutosha, uangalie mgongo. Katikati, baina ya mafupa ya mabega, pana sehemu ambayo mikono haifiki. Ugonjwa ukiwa wa ngozi yenyewe, vipele huweza kutoka hata hapo, kwa kuwa havingoji kucha. Muwasho ukitoka ndani ya mwili, hapo huwa safi na laini, na pembeni kote ni mistari ya kucha, vigaga na makovu meusi. Pale palipo safi huchora umbo kama la kipepeo aliyefungua mabawa. Mdogo wangu alikuwa akiniambia, "Dada, nikune hapo katikati, sifiki." Nilimkuna miezi yote hiyo, na sikujiuliza hata siku moja kwa nini hapo hapana kipele hata kimoja.

Mtazame na kucha. Za mtu anayejikuna usiku kucha hung'aa kama zimepakwa rangi, kwa kusuguana na ngozi. Kipimo cha mgongo hakifai ikiwa anatumia kitana au kijiti cha kujikunia, kwani kitana kinafika kote. Na ukikuta kipepeo yupo, usiruke moja kwa moja kwenye saratani. Maana yake tu ni kwamba chanzo kitafutwe ndani.

Sasa ondoa yale ya kawaida, moja baada ya jingine.

Ngozi kavu ndiyo inayoongoza, hasa kwa wazee. Acha maji ya moto na sabuni kali, paka mafuta mazito mara 2 kwa siku, mara moja ukiwa umetoka tu kuoga na ngozi ina unyevu bado. Yape mafuta hayo wiki 2. Ikiwa ukavu ndio shida, muwasho utapungua waziwazi.

Upele nao huanza na vipele vichache ambavyo ni rahisi kuvikosa. Tafuta kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, kuzunguka chuchu na sehemu za siri; pengine utaona vijistari vifupi, njia za mdudu. Swali linalofichua zaidi ni hili: nani mwingine nyumbani anawashwa? Dawa ya upele hushindwa mara nyingi kwa sababu amepaka mmoja na wengine wameachwa. Wapake wote siku moja, mwili mzima, na mrudie kama maelezo ya dawa yanavyosema. Hata wadudu wakishakufa, muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4, kwa hiyo usiihukumu dawa siku ya tano. Mdogo wangu alipewa dawa ya upele mara mbili wakati mimi niliyekuwa nalala naye kitanda kimoja siwashwi hata kidogo. Hilo peke yake lilitosha kutushtua.

Kisha angalia dawa anazotumia. Klorokwini inajulikana kwa kuwasha watu wenye ngozi nyeusi bila kuacha alama. Dawa za maumivu za jamii ya morfini huwasha pia. Muwasho ulioanza siku chache au wiki chache baada ya dawa mpya una mshukiwa wake tayari. Mwulize daktari kama inaweza kubadilishwa, usiiache kwa uamuzi wako.

Njia ya nyongo kwenye ini ikiziba, muwasho hupenda viganja na nyayo, mkojo unakuwa wa rangi ya chai iliyokolea, choo kinapauka, na macho yanaweza kuwa ya manjano. Mjamzito anayewashwa viganja na nyayo katika miezi ya mwisho asisubiri vipimo vya polepole. Aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu tatizo hilo la ini linaweza kumhatarisha mtoto aliye tumboni. Figo zilizochoka huwasha. Upungufu wa madini ya chuma, tezi ya thairoidi iliyovurugika na kisukari navyo huwasha. Muwasho unaolipuka dakika chache tu baada ya kugusa maji, bila alama yoyote, humfanya daktari afikirie ugonjwa wa damu ambao seli nyekundu zimezidi mno. Na VVU, hasa kinga ikiwa imeshuka, huleta vipele vigumu vinavyowasha kwenye mikono na miguu. VVU pia huongeza hatari ya limfoma, kwa hiyo kipimo chake kina kazi mbili hapa.

Ukishapita yote hayo na muwasho umevuka wiki 6, hapo ndipo limfoma inapoingia kwenye orodha. Muwasho wa Hodgkin mara nyingi huanzia miguuni chini ya magoti au huwa wa mwili mzima, huzidi usiku, na wengine huueleza kama moto unaotembea chini ya ngozi. Dawa za mzio kwa kawaida haziuwezi, kwa kuwa zinazuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta muwasho wa mzio, na huku histamini siyo mhusika mkuu. Kati ya wagonjwa 10 wa Hodgkin, 1 hadi 3 huwashwa, na kwa wengine muwasho hutangulia peke yake miezi mingi kabla ya uvimbe wowote kuonekana. Ugonjwa huu huwapata sana vijana wa miaka ya 20 na 30, kisha hurudi kuongezeka kwa watu wa makamo kwenda uzeeni. Kijana mwenye afya, asiye na historia ya ngozi mbaya, anayejikuna hadi damu, asiambiwe kwa urahisi kwamba ni mawazo.

Muulize haya, na muulize kwa namna ambayo hawezi kujibu "kidogo tu":

- Je, jasho la usiku linalowesha nguo hadi abadilishe, hata chumba kikiwa na baridi?
- Je, homa inapita nyuzi 38 na kurudi bila malaria, mafua wala maambukizi yoyote kupatikana?
- Uzito umeshuka bila kukusudia? Kiwango kinachowashtua madaktari ni zaidi ya sehemu 1 ya 10 ya uzito ndani ya miezi 6. Aliyekuwa na kilo 70 awe chini ya 63.
- Je, kikohozi kikavu kisichoisha, kifua kubana, kushindwa kulala chali, au uso kuvimba asubuhi?
- Je, akinywa pombe anapata maumivu kwenye shingo, kwapa au kifua? Ni nadra, lakini likijibiwa ndiyo, lina uzito.

Mdogo wangu alijibu hapana kwa yote isipokuwa kikohozi, na hicho tulikuwa tumekisingizia vumbi.

Vipimo vya kuomba kwa muwasho wa zaidi ya wiki 6 usio na vipele si vigeni: picha kamili ya damu, ESR (kipimo cha damu kinachoonyesha kama kuna uvimbe au ugonjwa unaoendelea mwilini), ini, figo, sukari, thairoidi, akiba ya madini ya chuma, VVU, na LDH (kipimo cha damu kinachopanda seli nyingi zikiharibika) ikiwa inapatikana. Pamoja na hivyo, eksirei ya kifua. Hii ndiyo inayosahaulika, maana nani atafikiria kumpiga picha ya kifua mtu anayekuna miguu? Kwa mdogo wangu damu ilikuwa karibu ya kawaida. Eksirei ndiyo iliyoonyesha kivuli kipana katikati ya mapafu. Tulipoitazama pamoja na daktari wa zamu, hakuhitaji kutuelekeza kwa kidole.

Majibu yakitoka safi, ni habari njema lakini si hati ya kudumu. Muwasho ukiendelea, tezi zipapaswe kila anaporudi kliniki, na vipimo virudiwe baada ya miezi michache.

Dalili: mabaka kama ya ukurutu au fangasi, yanaondoka na kurudi pale pale

Hapa ndipo limfoma inayoanzia ndani ya ngozi inapojificha. Aina yake inayoonekana zaidi inaitwa maikosisi fungoidesi. Jina linapotosha, kwa sababu si fangasi hata kidogo. Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert aliielezea mwaka 1806, akaona uvimbe wa mgonjwa wake umefanana na uyoga, jina likabaki. Inakwenda polepole sana, na kutoka baka la kwanza hadi jina sahihi mara nyingi hupita miaka.

Fangasi wa mashilingi huwa na ukingo ulioinuka wenye magamba, huku katikati pakianza kupona. Dawa ya fangasi ikipakwa wiki 2 hadi 4 bila kuruka, baka husogea. Likibaki vile vile, ngozi ikwanguliwe na magamba yaangaliwe kwa hadubini badala ya kuongeza tyubu nyingine. Ukurutu, au pumu ya ngozi kama wengi wanavyoiita, hupenda mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na mara nyingi una historia ya tangu utotoni. Soriasisi hukaa kwenye viwiko, magoti na kichwani, ikiwa na magamba meupe mazito.

Limfoma ya ngozi hupenda sehemu ambazo jua halifiki: matako, mapaja ya juu, kiuno, chini ya matiti, ndani ya mikono. Ukichora chupi ya kuogelea mwilini, mabaka mengi ya mwanzo yatakuwa chini yake. Ukubwa na umbo havilingani. Vuta ngozi ya baka taratibu kwa vidole viwili kisha iachie: huweza kuonekana nyembamba, yenye mikunjo midogo midogo kama karatasi iliyofinyangwa ikanyooshwa. Linaweza kuwasha au lisiwashe kabisa.

Vitabu vingi vimeandika "mabaka mekundu", na hilo limewagharimu watu wenye ngozi nyeusi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huonekana kama zambarau, kijivu au kahawia iliyokoza kuliko pembeni. Ukingoja wekundu utangoja sana.

Krimu ya steroidi hutuliza ukurutu, soriasisi na limfoma pia, angalau kwa muda. Kwa hiyo kupata nafuu hakuthibitishi kitu. Kinachosema ni kule kurudi mahali pale pale kila krimu ikisimamishwa, na baka jipya kuongezeka huku la zamani likikaza na kunenepa. Piga picha kila mwezi kwa simu, mwanga ule ule, umeweka rula kando ya baka. Kumbukumbu yetu ya ukubwa wa kitu kilicho matakoni ni mbovu sana, na picha sita zilizopangwa kwa tarehe humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Dalili: mabaka yaliyofifia rangi kwa mtoto au kijana

Limfoma hiyo hiyo ina sura nyingine inayoonekana zaidi kwenye ngozi nyeusi, na huwapata hata watoto: mabaka yaliyopauka, yasiyo na maumivu, kiunoni, matakoni, mapajani. Huitwa mba, huitwa choa, huitwa ukosefu wa vitamini.

Kwaruza baka kwa ukucha. Likitoa unga laini na liko kifuani au mgongoni, huenda ni mba wa fangasi, na dawa yake itaumaliza, ingawa rangi huchelewa kurudi kwa wiki au miezi. Likiwa jeupe kabisa kama maziwa, hasa kuzunguka mdomo, macho na vidole, fikiria mbalanga. Halafu pima hisia. Mtoto afumbe macho, mguse na kipande cha pamba mara kwenye baka, mara pembeni, aonyeshe kwa kidole alipoguswa. Asipohisi kwenye baka, huo unaweza kuwa ukoma, ambao unatibika na hautakiwi kusubiri. Akihisi vizuri, na baka limepauka bila kuwa jeupe kabisa, na dawa ya mba imeshindwa, aende kwa daktari wa ngozi akakatwe kipande kidogo cha kupimwa. Wazazi huogopa sana hapa, na ninaelewa. Aina hii kwa kawaida huenda taratibu, na mara nyingi huitikia matibabu ya mwanga maalumu.

Dalili: ngozi karibu yote imewaka na inabanduka

Hii haina majaribio ya nyumbani. Ngozi ikibadilika na kubanduka karibu mwili mzima, mgonjwa anatetemeka kwa baridi, viganja vimepasuka na tezi zimevimba, aende hospitali leo. Anapoteza maji, joto na protini kupitia ngozi, na vijidudu vinapata mlango. Chanzo huweza kuwa soriasisi, ukurutu, au dawa aliyomeza wiki chache zilizopita. Huweza pia kuwa limfoma iliyosambaa kwenye ngozi na damu kwa pamoja, ile inayoitwa ugonjwa wa Sézary. Chukua pakiti za dawa zote alizotumia kwa miezi 2, hata za mitishamba.

Dalili: magamba kama ya samaki yaliyoanza ukubwani

Ngozi yenye magamba tangu kuzaliwa ni jambo la ukoo na haituhusu hapa. Inayotuhusu ni ile ya mtu mzima ambaye mwaka jana miundi yake ilikuwa laini, na sasa ina vigamba vyenye pembe, vimepangana, vimejikunja kingo, huku mikunjo ya viwiko na magoti ikiwa salama. Kati ya saratani zote, inayohusishwa zaidi na hali hii ni Hodgkin. VVU, thairoidi iliyolegea, ukoma na dawa yake ya klofazimini huweza kuileta pia. Mafuta mazito yatapendezesha ngozi. Vipimo vile vile vya muwasho vifanywe hata hivyo.

Dalili nyingine, kwa ufupi

Mkanda wa jeshi mara moja kwa mtu mzee si ajabu. Ukimpata kijana, ukirudi mara kwa mara, au ukasambaa nje ya mstari wake, huenda kinga imeshuka: VVU kwanza, na magonjwa ya damu na limfoma baada yake.

Uvimbe mgumu wa zambarau au mwekundu unaokua haraka ndani ya wiki, hauumi kama jipu na hautungi usaha, usikamuliwe wala usipasuliwe mtaani. Kwa wazee hutokea zaidi mguuni, na huweza kuwa limfoma ya ngozi ya aina yenye kasi.

Vidonda vikali vya mdomo na midomo vinavyotoa gaga la damu, mgonjwa hawezi kula, na dawa zote za fangasi na malengelenge zimeshindwa: ni nadra, lakini kuna ugonjwa mwingine wa malengelenge unaoambatana na limfoma, na huo ni wa kulazwa.

Kope zilizogeuka zambarau au kijivu, vinundu juu ya vifundo vya vidole, na kushindwa kuinuka kwenye kiti au kuinua mikono kuchana nywele: ngozi na misuli vinaugua pamoja, na kwa mtu mzima daktari atatafuta saratani mbalimbali, limfoma ikiwa mojawapo.

Kupapasa tezi

Fanya hivi kwa ncha za vidole vitatu, bila kubonyeza sana: pande za shingo, nyuma ya masikio, chini ya taya, kwapani mkono ukiwa umelegezwa, kinenani. Usisahau shimo lililo juu ya mfupa wa mtulinga. Tezi ndogo laini chini ya taya au mitoki ya kinena baada ya kidonda cha mguu ni mambo ya kawaida. Tezi inayouma na yenye joto kwa kawaida inapambana na maambukizi. Ya limfoma mara nyingi haiumi, na inabonyea kama raba. Kubwa kuliko sentimita 1, imekaa zaidi ya wiki 2 hadi 4 bila sababu: ionyeshwe. Ikiwa juu ya mtulinga, ionyeshwe hata ikiwa ndogo, bila kuhesabu wiki.

Kifua kikuu cha tezi hufanana na hali hii kwa karibu, nacho huleta homa, jasho na kukonda. Tezi zake hupenda kushikana, na wakati mwingine hupasuka na kutoa usaha. Kwa macho na vidole peke yake hakuna wa kuzitofautisha kwa uhakika, kwa hiyo aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu bila kipimo cha tezi, na tezi zikazidi kukua, arudi aulize kuhusu limfoma.

Ukifika kwa daktari

Anza na tarehe. "Nimewashwa tangu mwezi fulani, nimetumia hii kwa wiki 2, hii kwa wiki 4, hakuna iliyosaidia." Sisi tulikwenda mara nne tukiwa tunasema "anawashwa sana", na kila mara tulisikilizwa kama wageni wa siku ile. Mara ya tano niliandika dawa zote kwenye karatasi moja kwa mpangilio wa tarehe. Daktari aliisoma, akaiweka mezani, akaanza kupapasa shingo. Hakuna aliyekuwa ameigusa shingo yake kabla ya hapo.

Kuna dawa ya kuogopa katika hatua hii, nayo ni vidonge vya steroidi kama prednisoloni vinavyotolewa "kutuliza" kabla ya kipimo. Vinaweza kuzinyausha seli za limfoma kwa muda, muwasho ukapungua, tezi ikasinyaa, na kipande kikikatwa kisionyeshe kitu. Uliza kama kipimo kinaweza kutangulia. Ikiwa tayari unavimeza kwa wiki kadhaa, usivikatishe ghafla kwa kusoma maneno yangu. Kuviacha ghafla kuna hatari yake, mwache daktari avipunguze. Krimu za steroidi nazo mara nyingi husimamishwa wiki 2 hadi 4 kabla ya kukata kipande cha ngozi, na daktari wa ngozi ndiye atakayekupangia.

Tezi ikishukiwa, kuvuta seli kwa sindano nyembamba ni mwanzo mzuri, lakini mara nyingi hakutoshi kuitaja limfoma kwa jina lake kamili. Kinachohitajika ni tezi nzima itolewe, au kipande kinene, ili mtaalamu aone seli zilivyopangana. Sindano ikisema "hakuna saratani" na tezi inaendelea kukua, omba itolewe.

Limfoma ya Hodgkin ni miongoni mwa saratani zinazopona vizuri zaidi. Wagonjwa wengi hupona kabisa, hata baadhi ya waliochelewa. Mdogo wangu aliacha kujikuna siku chache baada ya dozi ya kwanza ya tibakemikali. Usiku ule wa kwanza wa kimya niliamka kumwangalia kama anapumua.

Kwa mabaka ya ngozi, uwe tayari kwa jibu linalokatisha tamaa. Kipande cha kwanza mara nyingi husomeka "ukurutu sugu", kwa sababu mwanzoni seli za limfoma ni chache na zimejichanganya na za kawaida. Mabaka yakiendelea, kipande kingine kikatwe baada ya miezi michache, kutoka mabaka mawili tofauti, na kutoka lile lisilopakwa dawa. Watu wengi hupata jina sahihi kwenye kipande cha pili au cha tatu. Tunza nakala ya kila ripoti. Na ukihamia hospitali nyingine, omba vile vipande vya zamani vilivyohifadhiwa kwenye nta ya maabara. Mtaalamu mwingine anaweza kuvisoma upya bila kukukata tena.